Nanasi la Kwenye Ndoo ya Rangi

Jumatatu, tarehe 9 Machi. Asubuhi manyunyu mepesi, upepo hakuna, mawingu yamekaa chini. Nanasi

Hapo kalamu ikasimama. Mama Nanasi alikuwa amechuchumaa kwenye roshani ya nyuma, ghorofa ya pili, daftari juu ya goti na shuka begani. Kwa miaka miwili alikuwa akiliandika neno hilo kila asubuhi, na baada yake huongeza maneno mawili matatu. Nanasi zima. Nanasi limetoa jani. Nanasi lina vumbi, nimelifuta. Leo hakuwa na la kuongeza. Katikati ya mmea, pale majani yanapokutana na kufanya kikombe, palikuwa pamegeuka pekundu. Kwa macho yake haukuwa wekundu wa kupendeza. Ulikuwa wekundu wa kidonda.

"Mama," aliita. "Njoo uone."

Bibi, mama yake mzazi, alitoka jikoni akiburuza kandambili. Aliinama, akachungulia ndani ya kikombe cha majani, kisha akanyanyuka taratibu, mkono kiunoni.

"Limeungua," alisema.

"Limeunguaje na hali ya hewa hii?"

"Mimi nitajuaje? Nimeona jekundu, nimesema limeungua. Ulitaka niseme limejipamba?"

Mmea ulikuwa ndani ya ndoo ya lita ishirini iliyowahi kuwa na rangi ya ukuta. Mama Nanasi aliuotesha kutokana na kishungi cha majani ya nanasi alichokiokota kwenye pipa la taka la ofisi anayosafisha, siku walipomuaga mkubwa mmoja kwa keki na matunda. Msichana wa mapokezi alimwona akikitia kwenye mfuko, akawaambia wenzake kwa sauti kwamba mama wa usafi siku hizi anakula majani. Wote wakacheka. Yeye naye alicheka, maana mwezi ulikuwa haujaisha na mshahara haujatoka, akawaambia ipo siku watakula tunda lake. Tangu siku hiyo jina lake likapotea. Ofisini, kwenye ngazi za jengo, hata kwenye darasa la jioni, akawa Mama Nanasi.

Na darasa hilo ndilo lililoifanya asubuhi ile kuwa nzito, kwa sababu lilikuwa linafunga Ijumaa. Mwalimu alikuwa amempa kila mmoja kazi ya kufuata kitu kimoja na kukiandika kila siku. Mmoja alifuata kuku wake, mwingine jengo linalojengwa jirani, mwingine goti lake linalomuuma. Ijumaa, mbele ya familia zao, kila mmoja angesoma ukurasa wake wa mwisho. Mama Nanasi alikuwa na miaka hamsini na mbili, na mpaka miaka miwili iliyopita alikuwa akipokea mshahara kwa kuweka dole gumba. Alikuwa amemwomba Mungu jambo moja tu, kwamba siku hiyo asome habari za kitu kilicho hai. Sasa ilionekana angesoma taarifa ya msiba.

Aliinua jani la chini. Nyuma yake palikuwa na unga mweupe uliogandia. Akaukwangua kwa ukucha.

"Mama, hapa pamemwagwa kitu."

Bibi akatazama mbali, upande wa paa la jengo la pili.

"Mama."

"Mimi sitaki kuingilia watu na waume zao."

"Nani kamwaga?"

"Zimepita wiki sita, au saba. Siku ile nilipokwambia nasikia harufu ya kitunguu saumu, ukasema nina hamu ya nyama. Mumeo alikuwa hapa anasuuza kopo."

Fundi alikuwa mezani na chai yake, buti moja mguuni, jingine mkononi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, vitanda, vyote vilikuwa vimepita mikononi mwake, na hakuna chuma kilichowahi kumshinda. Nyumbani ilikuwa kinyume. Vikombe, vitasa na miwani ya mama mkwe, vyote vilikuwa vimevunjikia mikononi humo humo.

"Ulimwaga nini kwenye nanasi langu?" Mama Nanasi aliuliza.

"Lini?"

"Nimeuliza nini, sijauliza lini."

Fundi akafikiri, na ilionekana anafikiri kweli. "Maji tu. Lile kopo lilikuwa la mawe ya gesi, yale tunayotia maji yatoe gesi ya kuchomelea. Yalibaki makombo. Nikasuuza, nikamwaga. Nilitaka kopo la kuwekea misumari."

"Sinki lipo."

"Sinki ulinikataza. Ulisema uchafu wa karakana usiingie kwenye sinki lako."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli liliongeza hasira.

"Na karatasi je? Kwenye ndoo nimefunga karatasi. Nimeiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa kama za dukani. USIMWAGE KITU HAPA. AHSANTE. Nikaivalisha na plastiki isilowe. Ina mwaka mzima pale. Hukuiona?"

"Niliiona."

"Hukuisoma?"

Fundi akavaa buti la pili. Alitumia muda mrefu kwa buti lenye kamba fupi. Alipoinua uso alisema neno ambalo lingemtesa wiki nzima.

"Niliisoma."

"Ukaisoma, halafu ukamwaga."

"Niliona ni maji tu."

Mama Nanasi hakupaza sauti. Alivuta kiti, akakaa. Uzembe angeweza kuusamehe, alikwisha kusamehe uzembe mwingi wa mtu huyu na vikombe vyake. Hili lilikuwa jingine. Yale yalikuwa maneno ya kwanza maishani mwake kumwandikia mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ameyasoma, akayaona hayana uzito, akayamwagia sumu.

"Basi sawa," alisema. "Ijumaa siendi."

"Usiseme hivyo, mama watoto."

"Nikasome nini mbele za watu? Kwamba ninayoandika hata nyumbani kwangu hayaheshimiwi?"

Alichukua mkoba wake wa kazini, akashuka ngazi bila kuaga. Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama mkwe wake kwa muda, akafungua mdomo, akaufunga, akarudi kwenye sufuria yake.

 

Kufikia jioni jengo zima lilikuwa na habari. Jirani wa mlango wa pili, muuza mitumba, alifika kutoa pole. Alilitazama nanasi kama anavyotazama suruali yenye doa, akaligeuzageuza jani kwa vidole viwili.

"Hili halirudi, dada. Shangazi yangu alikuwa na waridi likawa hivi hivi."

"Likafa?"

"Shangazi ndiye aliyekufa. Waridi sijui."

Bibi akakohoa jikoni.

"Ila shemeji naye," Jirani aliendelea, bila kujali kwamba shemeji mwenyewe alikuwa sebuleni anakula, hatua nne kutoka pale. "Mwanaume mwenye mabega yale, anagombana na mmea."

Fundi alisikia kila neno. Aliinamia sahani yake akaendelea kutafuna. Usiku huo na uliofuata alipewa mgongo kitandani, na mgongo wa Mama Nanasi ulijua kununa.

Jumanne mchana aliomba ruhusa karakana, akaenda sokoni. Alizunguka meza za matunda zote, akachagua nanasi kubwa kuliko yote, akamwambia muuzaji asikate kishungi. Jioni aliliweka mezani mbele ya mkewe, akakinyofoa kishungi palepale kwa mkono mmoja. Ndio ufundi pekee aliokuwa nao wa kuonyesha.

"Hiki hapa. Kizima. Kikubwa kuliko kile cha kwanza."

Mama Nanasi alikitazama kishungi, kisha akamtazama yeye.

"Miaka miwili na miezi minne," alisema. "Unanirudishia ndani ya mfuko wa nailoni."

"Nilifikiri tuanze upya."

"Ukiharibu geti la mteja, unampelekea kipande cha bomba ukamwambia tuanze upya?"

Kwa kweli Fundi hakuwahi kuharibu geti la mteja. Bibi akavuta kisu, akamenya lile tunda, akalikata vipande, akala peke yake watu wawili wakiangalia kuta mbili tofauti.

"Tamu," alisema, kwa sababu ukimya ulikuwa umezidi. Akachukua kipande kingine.

 

Jumatano jioni Mama Nanasi alikwenda darasani kumwambia mwalimu kwamba hatasoma. Fundi alirudi mapema akakuta nyumba ina mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anamngoja. Bibi alikuwa amemwekea chai na kiti.

"Mkwe," alisema. "Kaa hapa."

Akakaa.

"Mwaka juzi nililetewa barua ya hospitali. Mwanangu alikuwa bado hajaanza darasa, nikakupa wewe unisomee. Ukaitazama juu, ukaitazama chini, ukaikunja vizuri. Ukaniambia, 'Wanakusalimu, mama.'"

Fundi akatazama vidole vyake.

"Hospitali, mkwe. Hospitali inapoteza karatasi na stempu kunisalimu mimi."

"Mama, siku ile nilikuwa..."

"Nikampelekea yule binti wa duka la dawa. Akasema natakiwa kwenda kupimwa macho Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Basi nikaenda wiki iliyofuata, wakanipima, nikapewa miwani, ambayo umekuja kuivunja. Sikukwambia kitu, kwa sababu ni mkwe wangu na una moyo mzuri. Herufi mimi pia sizijui. Tofauti yetu ni kwamba mimi nasema sizijui."

Fundi akajaribu kunywa chai, ikamchoma.

"Namba nazijua," alisema mwishowe. "Jina langu naliandika. Mchoro wa geti nausoma kuliko aliyeuchora. Karakana inatosha. Maneno ndiyo yananipita."

"Na ndiyo maana ulimwambia mke wako kusoma ukubwani ni kupoteza mafuta ya taa."

"Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa. Nilijua akishajua yeye, siku moja ataniambia nisomee hiki, nami nitakuwa sina pa kujificha. Halafu akaanza, akafurahi, mama. Anarudi jioni anasoma maandishi ya kwenye sabuni mpaka mwisho. Ningemwambiaje? Ataniona vipi?"

"Sasa hivi anakuona vipi?"

Fundi akakizungusha kikombe mezani.

"Anakuona mtu uliyesoma ukadharau. Huyo mtu wewe si yeye, ila umemvaa mwenyewe. Kunywa chai, inapoa."

Mama Nanasi aliporudi alikuwa na uso mwingine kidogo, bado wa hasira lakini wa mtu aliyepewa kazi. Alizungumza na mama yake, huku akihakikisha maneno yanafika mpaka kwenye kiti cha pili.

"Mwalimu amekataa. Amesema kama ni msiba nikaandike msiba, msiba nao ni habari. Ila amesema nihakikishe mgonjwa amekufa kabla sijamwandikia."

"Kuna yule muuza miche kule kwenye ukuta wa gereji," Fundi alisema. "Anajua mimea. Kesho tumpelekee."

"Ndoo ile nani anaibeba?"

"Mimi."

Yalikuwa maneno ya kwanza kupita baina yao tangu Jumanne, na Bibi akamshukuru Mungu kimyakimya kwa ajili ya ndoo nzito.

 

Alhamisi baada ya kazi Fundi aliiweka ndoo begani akashuka nayo ngazi. Majani ya nanasi yana meno pembeni, na kila hatua yalimkwaruza sikio. Jirani alikuwa mlangoni kwake anakunja mashati.

"Mnakwenda kuzika?" aliuliza.

"Kupima," alisema Fundi.

Njia nzima mkewe alitembea hatua mbili mbele. Watu waliwapisha, wengine wakageuka kutazama mwanaume mkubwa mwenye msitu kichwani. Konda mmoja alimwuliza kama hiyo ni kofia ya harusi. Fundi alistahimili. Alikuwa na jambo kifuani zito kuliko ndoo, na tangu asubuhi alikuwa amelipanga kwa namna saba.

Muuza miche alikuwa mwanamke kijana mwenye mabuti ya mpira, anayeotesha miche kwenye madumu yaliyokatwa nusu. Alimsikiliza Mama Nanasi mpaka mwisho, habari za kidonda, habari za unga mweupe. Kisha akachukua kijiko chenye mpini mrefu, akayatenga majani ya katikati polepole.

"Nani aliyewaambia linakufa?"

"Si unaona jekundu," alisema Mama Nanasi.

"Naona. Sogea na wewe uone. Inama, usiogope."

Mama Nanasi akainama. Chini kabisa ya kikombe, katikati ya ule wekundu, palikuwa na kitu kidogo kama ncha ya dole gumba, kimepangwa magamba madogo madogo, kila gamba limekaa mahali pake kama lililopimwa.

"Hilo ni ua linatoka," alisema muuza miche. "Kila gamba hapo litafungua kiua cha zambarau, siku chache tu, halafu yote yataungana yawe tunda. Lipe miezi mitano, sita. Hongera, mama. Unatarajia mtoto."

Mama Nanasi aliweka mkono mdomoni. Midomo ilikuwa inacheza nyuma ya vidole, na kama mtu angesogea karibu angesikia anasema asante, asante, kwa Mungu, aliyekuwa akimwomba kila siku na ambaye siku tatu hizi alikuwa amemnunia naye.

"Mlilitia nini?" muuza miche aliuliza. "Maana mengine ya kwenye ndoo hukaa hata miaka mitatu yamenyamaza tu."

"Alimwaga maji ya mawe ya gesi," alisema Mama Nanasi, akionyesha kwa kidevu. "Ya kuchomelea."

Muuza miche akamgeukia Fundi na kumtazama upya, kuanzia mabuti mpaka sikio lililokwaruzwa.

"Kumbe tuna mtaalamu hapa. Wenye mashamba makubwa ndivyo wanavyofanya. Unatia kidogo kwenye moyo wa mmea, ile gesi inauamsha, unatoa ua. Wiki sita, saba, kitu hiki hapa. Ukizidisha unaua. Wewe ulipatia sawasawa. Nani alikufundisha?"

Mama Nanasi alinyanyuka. Uso wake ulikuwa umeanza kulainika, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Ulijua?" alimwuliza mumewe. "Ndiyo maana ulisoma karatasi yangu na bado ukamwaga? Ulitaka kunishangaza?"

Kila kitu kilikuwa tayari. Uongo ulikuwa umekatwa, umenyooshwa, umeunganishwa, na mkewe mwenyewe ndiye aliyeushika kwa mikono miwili akimpa. Fundi hakutakiwa hata kusema neno. Kutabasamu kungetosha, angerudi nyumbani shujaa, na Jirani angekunja mashati yake kwa adabu.

"Hapana," alisema. "Sikujua. Nilikuwa nasafisha kopo."

"Lakini karatasi..."

"Karatasi sikuisoma. Niliiona nikadhani umeandika jina la mmea." Akaligusa sikio lake. "Sijui kusoma, mke wangu. Jina langu nalijua, namba nazijua. Mengine yote huwa natazama tu."

Muuza miche akakumbuka ghafla kwamba miche ya upande wa pili wa ukuta haijanyweshwa, akaondoka na ndoo yake ya maji.

"Miaka ishirini na minane," alisema Mama Nanasi.

"Ndiyo."

"Magazeti unayoleta nyumbani?"

"Picha."

"Fomu za shule za watoto?"

"Nilikuwa nawaambia wajaze wenyewe ili wajifunze kujitegemea."

"Na nilikuwa nakusifu." Alimtazama. "Na barua ya mama, ile ya hospitali?"

Fundi alifumba macho. "Nilimwambia wanamsalimu."

Mabega ya Mama Nanasi yakaanza kutikisika. Fundi, ambaye bado alikuwa amefumba macho, alisikia pumzi inakatika akadhani analia, akafungua macho kwa hofu. Mkewe alikuwa ameshika ukuta wa gereji anacheka, kicheko cha tumboni kisicho na sauti, machozi yanamtoka.

"Hospitali," alisema alipopata pumzi. "Wanamsalimu."

"Nilikosa la kusema."

"Basi nawe wasalimie."

Alicheka mpaka akachoka. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitambaa, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini.

"Watoto wamehama, nyumba yetu ina watu watatu. Wawili hawajui kusoma. Mimi nakaa nusu siku naandika karatasi, naivalisha na plastiki, naifunga kwa kamba. Nilikuwa namwandikia nani? Mama sikumsomea. Wewe sikukuuliza. Nilipopata herufi nilifurahi mno, Mungu anisamehe, nikasahau kwamba naishi na watu."

"Hukukosea wewe."

"Nilikosea kidogo. Wewe ulikosea sana. Tusipunjane." Alishika ukingo mmoja wa ndoo. "Shika huko. Ukiibeba peke yako utafika nyumbani bila sikio."

 

Ijumaa darasa lilijaa mpaka dirishani. Lilikuwa darasa la watoto mchana, na wakubwa walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda mpaka kifuani. Bibi alipewa kiti cha mwalimu kwa heshima ya umri. Jirani alikuja amevaa gauni ambalo jana lilikuwa la kuuza. Fundi alikaa nyuma kabisa, amepiga pasi shati, sikio lina plasta.

Mwenye kuku alisoma kwamba kuku ametaga mayai tisa na sasa hataki kusogelewa. Mwenye goti alisoma, kwa sauti ya kuamrisha, "Ijumaa. Jua kali. Goti la kulia limepona. La kushoto limeanza." Akapigiwa makofi mengi, naye akainama kidogo, kwa goti la kulia.

Kisha Mama Nanasi akasimama. Akalilaza daftari juu ya meza, akaweka kidole chini ya mstari. Kabla hajaanza alifumba macho kwa muda wa pumzi mbili, na waliomjua wakangoja.

"Ijumaa, tarehe 13 Machi," alisoma. "Asubuhi jua, mawingu hakuna. Nanasi limetoa ua. Nilidhani ni kidonda. Nilisema maneno makali nyumbani kwa siku tatu, na siku tatu hizo ua lilikuwa linakua bila kunisikiliza. Aliyemwaga maji yaliyoliamsha ni mume wangu. Yeye hakujua. Mimi sikujua. Mungu alijua, hakutuambia, alitungoja tusogee tuangalie. Tunda miezi sita. Nitaendelea kuandika."

Alifunga daftari. Hakukuwa na makofi mara moja. Kwanza Bibi alisema, "Huyo ni mwanangu," kwa wale waliokuwa hawajui, ndipo makofi yakaja. Jirani alipiga kwa nguvu kuliko wote akimweleza aliye karibu kwamba yeye alilitambua ua hilo tangu Jumatatu.

Mwalimu alingoja watulie. Akatangaza kwamba darasa jipya la kuanza herufi litafunguliwa Jumatatu saa kumi na moja jioni, nafasi bado zipo, na akauliza kama kuna mwanafamilia yeyote mwenye neno.

Dawati la nyuma likalia. Fundi alikuwa anajaribu kusimama na magoti yake yamenasa, ikabidi mwenye kuku amvute mkono. Darasa zima likageuka. Mama Nanasi alimtikisia kichwa taratibu, kumwambia halazimiki, kwa kuwa alikuwa ameiandika siri yake kwa namna ya kuificha. Fundi alimwona, akamjibu kwa kichwa vilevile kwamba anajua.

"Mimi ndiye yule wa maji," alisema. Wachache wakacheka, naye akawaacha wamalize. "Wengi mnanijua kwa mageti. Hili la shule hii nililichomelea mimi, mwaka wa kumi na moja sasa. Lile tao la juu lenye maandishi, nililikata herufi moja moja kutoka kwenye mchoro nilioletewa, nikazipanga, nikaziunganisha. Watu walinisifu. Na mpaka leo napita chini yake sijui yanasema nini."

Mwalimu akafungua mdomo kumsaidia.

"Usiniambie, mwalimu, tafadhali," Fundi alisema. Alivuta shati, akamtafuta mke wake kwa macho, na alipompata akazungumza na yeye, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo. "Jumatatu saa kumi na moja nitakaa kwenye dawati hili hili, hata likinivunja magoti. Naahidi mbele yako, mke wangu, na mbele ya mama mkwe wangu aliyenivumilia, na mbele yenu wote mnaonisikia, kwamba sitaacha kuja mpaka siku nitakayosimama pale nje nilisome geti langu mwenyewe kwa sauti."